Hakuna Anayemaliza Peke Yake: Jumamosi Mbili za Bushy Park

Kusini-magharibi mwa jiji la London, jirani na kasri kongwe la Hampton Court, ipo bustani ya kifalme iitwayo Bushy Park. Miongoni mwa bustani za kifalme za jiji hilo ni ya pili kwa ukubwa, ikitanguliwa na Richmond Park peke yake, na eneo lake linazidi ekari 1,000. Barabara ndefu iliyonyooka inaikata bustani hiyo, ikiwa na safu za miti mikubwa pande zote mbili, na kuelekea upande wa kasri lipo bwawa la mviringo lenye chemchemi na sanamu. Kwingineko ni majani marefu ambamo paa wakubwa wenye pembe za matawi hulisha bila ya kumjali mpita njia. Mwaka 1944 Jenerali Eisenhower aliweka makao yake makuu ndani ya bustani hii, na humo ikapangwa safari ya majeshi ya kuvuka bahari kuingia Ufaransa.

Hata hivyo, watu wanaoteremka katika stesheni ya Teddington kila Jumamosi asubuhi hawafuati kasri wala habari za vita. Wanafuata mwendo wa kilomita 5, unaoanza saa tatu kamili, usio na kiingilio wala zawadi kwa mshindi. Mwendo huo unaitwa parkrun, na hapo Bushy Park ndipo ulipozaliwa.

Tulifika London tukiwa watu sita wa msikiti mmoja, wanaume watatu na wanawake watatu, kwa ajili ya kuwatembelea ndugu na jamaa waliohamia huko kutoka Unguja na Mombasa. Wenyeji wetu walitueleza mapema kwamba kila kitu katika ratiba ya ziara yetu kingeweza kusogezwa, isipokuwa asubuhi ya Jumamosi. Baba, mama, watoto watatu na bibi yao, wote wana ahadi na bustani. Jambo hilo lilitushangaza. Kwetu sote tumeshuhudia mazoezi ya pamoja yakianza kwa kishindo na kuisha kimyakimya: wiki ya kwanza uwanja hautoshi, wiki ya tatu wamebaki vijana wenye kasi, na baada ya mwezi mmoja hata wao hawaonekani. Vipi basi familia nzima irudi mahali pale pale, kwa mwendo ule ule, mwaka baada ya mwaka, na mvua ya London ikinyesha? Swali hilo ndilo tulilokwenda nalo bustanini.

Mwanzo wake: mtu asiyeweza kukimbia

Yafaa kwanza tueleze asili ya jambo hili, kwa kuwa katika asili yake limo nusu ya jibu. Mwaka 2004 bwana mmoja aitwaye Paul Sinton-Hewitt, aliyezaliwa katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe na kukulia Afrika Kusini, alikuwa akiishi karibu na Bushy Park. Alikuwa mkimbiaji mzuri, lakini wakati huo alikuwa ameumia na hawezi kukimbia. Tena alikuwa amepoteza kazi. Alichokosa zaidi ni wenzake. Akaona kwamba, ikiwa hawezi kukimbia nao, anaweza kuwaandalia mbio, akawapimia muda, kisha wakaketi pamoja kunywa kahawa.

Tarehe 2 Oktoba 2004 walijitokeza wakimbiaji 13, na wahudumu wa kujitolea watano. Muda uliandikwa kwenye karatasi. Kila aliyefika alipewa kipande cha chuma cha mviringo chenye tundu katikati, kile ambacho mafundi hukiweka chini ya nati, kikiwa kimegongwa namba yake ya kufika. Kwa zaidi ya miaka miwili mwendo huo ulibaki Bushy Park peke yake. Mwaka 2007 ukafunguliwa wa pili huko Wimbledon, na tangu hapo ukaenea Uingereza nzima na kuvuka mipaka hadi nchi zaidi ya 20. Barani Afrika ulishika mizizi hasa Afrika Kusini, ambako mwaka 2011 ulianzishwa jijini Johannesburg na Bruce Fordyce, bingwa aliyeshinda mbio ndefu za Comrades mara tisa.

Msomaji azingatie: jambo lililokuja kuwakusanya mamilioni halikubuniwa na mtu aliyetaka kushinda. Lilibuniwa na mtu aliyekuwa pembeni, ambaye hakutaka kutengwa na wenzake kwa sababu ya mguu.

Asubuhi yenyewe

Tulifika nusu saa kabla. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya majani, na watu walikuwa wakichomoza kutoka kila upande: vijana waliovaa kikaptura na fulana nyepesi, wazee wenye fimbo, akina mama wakisukuma vigari vya watoto, mtu asiyeona akiwa ameshikana kamba fupi na mwenzake wa kumwongoza. Bushy Park katika Jumamosi nyingi hupokea watu zaidi ya 1,000. Wanawake wa Kiislamu walikuwapo pia, wengine na hijabu na sketi ndefu juu ya suruali, na hatukuona mtu yeyote akiwatazama mara mbili. Dada wa nyumba tuliyofikia hutembea na wenzake wanne, wote wanawake, katika kundi lao wenyewe; wapendao kutembea na waume zao na watoto hufanya hivyo. Bustani ni pana, na kila familia huchagua mwendo wake.

Mgeni hujiandikisha mara moja tu, bila ya malipo, na hupewa karatasi yenye mistari myeusi kama ile inayobandikwa kwenye bidhaa za dukani. Karatasi hiyo humtosha katika kila mji na kila nchi yenye mwendo huu. Kabla ya kuanza, mhudumu mmoja huwaita wageni wote kando na kuwaeleza njia, adabu na usalama. Sisi sita tulikuwa humo, pamoja na Mkorea mmoja na mzee wa Kiingereza aliyesema ametumwa na daktari wake. Hilo la daktari si mzaha. Tangu mwaka 2018, Royal College of General Practitioners, chombo cha madaktari wa familia wa Uingereza, kimeshirikiana na parkrun kuzihimiza zahanati ziwaelekeze wagonjwa huko, iwe kukimbia, kutembea au kuhudumu tu.

Kisha ikapigwa honi, na umati ukaondoka kama maji yaliyofunguliwa. Dakika chache baadaye wenye kasi walikwishapotea nyuma ya miti. Waliobaki nyuma walikuwa ndio wengi, na kati yao alikuwamo Bi Mkubwa wetu.

Wa mwisho ana mwenyewe

Bi Mkubwa ana miaka 63, ana kisukari, na goti lake la kulia lina historia ndefu. Kwa miaka mitatu daktari wake amemtaka atembee, naye kwa miaka mitatu amejibu kwamba mazoezi ni ya vijana wenye raba. Siku hiyo alikuja kwa sababu hakutaka kubaki peke yake katika nyumba ya watu. Baada ya kilomita ya kwanza alikuwa wa mwisho kabisa, isipokuwa mama mmoja wa Kiingereza aliyevaa kizibao cha rangi kali, aliyekuwa akitembea hatua chache nyuma yake. Bi Mkubwa alipopunguza mwendo, naye alipunguza. Aliposimama kurekebisha mtandio, naye alisimama akitazama ndege.

"Mwulize," Bi Mkubwa alimwambia mwenyeji wetu, "kwa nini hapiti? Anamsubiri nani?"

"Anakusubiri wewe, Bi Mkubwa. Kazi yake leo ni kuwa wa mwisho."

"Kwa hiyo wa mwisho ni yeye, si mimi?"

"Ni yeye. Kila wiki lazima awepo mmoja."

Bi Mkubwa alicheka mpaka akashika goti. Kisha akamgeukia yule mama, akamwonyesha kwa mkono kwamba waende sambamba, na kilomita nne zilizobaki walizitembea pamoja, kila mmoja akizungumza lugha yake. Alimaliza kwa saa moja na dakika 11. Kwenye mstari wa kumalizia walikuwapo bado watu wa kupima muda, watu wa kugawa namba, na watu wa kupiga makofi, na walimpigia makofi. Hakuna aliyekuwa amekwishakunja vitu. Jioni jina lake lilikuwa kwenye orodha ya matokeo pamoja na majina ya wengine wote, na mjukuu wake aliyeko nyumbani aliliona kabla yake.

Huduma hii ya mtembeaji wa mwisho ndiyo, kwa maoni yetu, moyo wa jambo lote. Watu wengi hawaogopi kuchoka. Wanaogopa kuonekana wamechoka, na wanaogopa zaidi kufika mahali wakakuta wenzao wameshaondoka. Mtu akijua kwamba atasubiriwa, hofu hiyo humtoka, na hofu ikitoka miguu hupata nguvu. Inavutia kwamba waandaaji hao hawajivunii kasi ya watu wao. Mwaka 2005 wastani wa muda wa kumaliza ulikuwa kama dakika 22. Leo umepita dakika 30, na wao huuhesabu mwendo huo wa kupungua kuwa ni mafanikio, kwa kuwa maana yake ni kwamba wamekuja ambao zamani wasingekuja. Februari 2024 waliziondoa kwenye tovuti yao orodha za rekodi za kasi, wakieleza kwamba hawataki mgeni aingiwe na woga kabla ya kuanza. Uamuzi huo haukupita bila ya malalamiko. Wako wakimbiaji waliosema kwamba kasi yao nayo ni juhudi iliyostahili kuonekana, na hoja yao ina uzito. Lakini muda wa kila mtu unaendelea kupimwa na kuandikwa. Kilichoondolewa ni orodha ya kuwapanga walio juu ya wengine.

Kila mtu ana kazi

Jumamosi ya pili goti la Bi Mkubwa lilivimba. Tulidhani angepumzika. Alikuwa wa kwanza kuvaa koti. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amemwomba mwenyeji wetu amwandikishe miongoni mwa wahudumu, na asubuhi alikabidhiwa kizibao chenye rangi ya kung'aa na kuwekwa kwenye kona moja ya njia, pamoja na kijana wa chuo, kuwaelekeza watu wapite kushoto. Kiingereza chake hakizidi maneno kumi. Aliinua mkono wa kushoto, akatabasamu, akapiga makofi, na watu zaidi ya elfu walipita alikowaelekeza. Wengi walimshukuru wakiwa mbioni.

"Wiki iliyopita walinisubiri mimi," alituambia baadaye, akiwa ameshika kikombe cha chai katika mkahawa ulio ndani ya bustani. "Leo nimewasubiri wao."

Hatukuhitaji maelezo zaidi kuhusu kwa nini watu wanarudi. Kila mwendo wa parkrun huendeshwa na wahudumu wa kujitolea waliotoka miongoni mwa wakimbiaji na watembeaji wenyewe: wa kuweka alama za njia, wa kupima muda, wa kusoma karatasi za namba, wa kuwapokea wageni, wa kutembea mwisho. Aliyeumia hupata kazi ya kukaa. Mjamzito hupata kazi ya kusimama kivulini. Kijana asiyependa kukimbia huandika majina. Mkusanyiko ambao mtu anapokea tu, siku akikosa kwenda hakuna kinachoharibika, na mwisho huzoea kukosa. Mkusanyiko unaomkabidhi kazi humfanya ajue kwamba nafasi yake itabaki wazi asipokwenda. Yule mwanzilishi mwenyewe, mwaka 2004, alirudi kila wiki kwa kazi hiyo hiyo ya kusimama na saa mkononi.

Jambo hili limefika hata pasipo na milango ya kutokea. Novemba 2017 mwendo wa kwanza wa ndani ya gereza ulianzishwa katika gereza la Haverigg, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ambamo wafungwa hukimbia, hutembea na kuhudumu. Na mlango ulipofungwa kwa wote, wakati wa maradhi ya korona, miendo ilisimama tangu Machi 2020, na Uingereza haikurejea mpaka tarehe 24 Julai 2021. Miezi kumi na sita inatosha kuua mazoea mengi. Mwenyeji wetu alituambia kwamba asubuhi ya kurejea aliwakuta wale wale kwenye kona zile zile, na kwamba alilia alipomwona mzee mmoja ambaye hakuwa na hakika kama bado yu hai.

Bei yake ni kufika

Sababu ya tatu ni ya mfuko. Familia ya watu sita ikitakiwa kulipa kila wiki, haitakwenda kila wiki. Waandaaji walishikilia msimamo huu hata ulipowagharimu. Mwaka 2016 baraza la eneo la Stoke Gifford, karibu na Bristol, liliamua kwamba mwendo wa hapo uchangie matunzo ya bustani. Baraza lilikuwa na hoja: mamia ya miguu kila wiki huchakaza njia, na wakazi ndio wanaolipia. Waandaaji walijibu kwamba wakikubali kutoza mahali pamoja, watatoza kila mahali, na maskini ndiye atakayebaki nyumbani. Mwendo wa bustani hiyo ukasimamishwa. Gharama nyingine za jambo hili hubebwa na wafadhili na michango ya hiari.

Pamoja na kukosekana kwa malipo kuna kutobadilika. Ni Jumamosi, saa tatu, mahali pale pale. Hakuna anayesubiri tangazo. Watoto wenye umri wa miaka 4 hadi 14 wana wao wa Jumapili, wa kilomita 2, na watoto wa nyumba tuliyofikia hukimbia kwanza ndipo waende madrasa, na mwalimu wao anasema siku hiyo wanatulia zaidi kuliko siku nyingine. Sisi watu wa misikiti tunaifahamu vyema nguvu ya wakati uliopangwa. Safu haijengwi upya kila siku kwa matangazo. Hujengwa na watu wanaojua ni saa ngapi na bega la nani litakuwa karibu yao.

Tunayoweza kuyachukua

Hatusemi kwamba kila cha huko kinahamishika. Miji yetu mingi haina bustani ya ekari elfu, na njia ya pembeni hugombaniwa na bodaboda, meza za wachuuzi na mitaro isiyofunikwa. Jua la saa tatu kwetu si la kutembeza mzee mwenye shinikizo la damu. Baada ya sala ya Alfajiri ndio wakati wetu. Wala hatuanzi kutoka sifuri. Vikundi vya mbio za pole vimejaa Dar es Salaam na Unguja, na Zanzibar ina desturi yake ya kuifanya tarehe 1 Januari kuwa siku ya mazoezi, ambapo vikundi hutoka mitaani kwa pamoja. Watu wetu wanapenda kutoka. Kinachotushinda ni tarehe 8 Januari.

Kwa familia na kamati zitakazopenda kujaribu, tunapendekeza yafuatayo kwa uchache. Ichaguliwe siku moja na saa moja, visibadilike. Njia iwe fupi na salama, hata kilomita 2 zinatosha, na iwe ile ile kila wiki ili anayechelewa ajue wenzake wako wapi. Pasiwe na kiingilio wala fulana ya lazima. Fulana imewafukuza wengi kimya kimya, kwa kuwa asiyekuwa nayo huona haya. Akina mama wapewe nafasi ya kupanga wenyewe kundi lao na mwendo wao. Majina yote yaandikwe, ya aliyetangulia na ya aliyechelewa, kwenye daftari moja. Wenye maradhi wamwone daktari kwanza. Na kila wiki watajwe kwa majina wawili: atakayewapokea wageni, na atakayetembea nyuma ya wote.

Bi Mkubwa alirudi nyumbani na karatasi yake ya mistari ndani ya pochi, ingawa hapa hakuna wa kuisoma. Mwezi uliofuata alituma ujumbe kwenye kundi la simu la akina mama wa msikiti, kwamba Jumamosi baada ya Alfajiri atakuwa mbele ya lango la msikiti, na atatembea mpaka sokoni na kurudi. Walitokea wanawake wanne. Mmoja wao, jirani yake, alisita akasema miguu yake imekufa ganzi na atawachelewesha wenzake.

"Wewe njoo tu," Bi Mkubwa alimjibu. "Wa mwisho ni mimi."